Saa za asubuhi, meza ya biyari iwe ya kujifunzia

Leo sina habari ya barabara ya Komanda wala ya bei ya fufu sokoni. Leo natoa maoni yangu mwenyewe, na najua wazazi wengine watakasirika. Nataka tuzungumze juu ya biyari.

Juma lililopita mama mmoja anayekaa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, hapa Bunia, alinisimamisha njiani. Alinitambua kwa sauti. Akaniambia: “Mwanangu, wewe uko unasema kwa redio. Basi sema ile meza ya biyari waivunje.” Nilimuuliza meza imemkosea nini. Akaeleza kwamba alimtuma kijana wake sokoni na franka elfu kumi za unga. Kijana alirudi magaribi, mikono mitupu, akisema pesa imeanguka njiani. Kesho yake mdogo wake ndiye aliyefichua siri: pesa ilianguka juu ya kile kitambaa cha kijani. Usiku ule watoto watano walilala na chai bila sukari.

Sikumjibu haraka, kwa sababu meza ile naifahamu. Mimi pia nimekwisha kuacha pesa pale, mimi mwenye mshahara na kalamu mfukoni. Mama yule ana haki ya kukasirika. Lakini dawa yake siikubali. Ukiivunja ile moja, kesho nyingine itawekwa chini ya bati lingine, na vijana ni walewale. Mimi nasema hivi: tunawaacha vijana wetu wacheze biyari miaka na miaka bila mtu kuwafundisha hata siku moja, na mtu asiyejua mchezo ndiye anayeliwa pesa.

Tazameni namna tunavyocheza. Kijana anafika, anachukua fimbo ya kwanza anayoiona, hata haangalii kama imepinda. Anasimama wima kama askari wa gwaride, anainua kiwiko juu, anapiga kwa nguvu zake zote. Mipira inagongana, inaruka, mmoja unaingia tundu ambalo hakulifikiria kabisa, na watu wanapiga kelele za furaha. Anaona anajua. Mchezo unaofuata anakosa mpira ulioko mbele ya tundu, anasema meza ni mbaya. Na kweli meza zetu nyingi ni mbaya: mguu mmoja umewekewa kipande cha ubao, kitambaa kimechanika, vumbi la kiangazi limejaa kwenye kingo. Ila mwenzake anayemshinda anachezea meza ileile.

Mimi nilicheza hivyo karibu miaka minane. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, naye ni mkimbizi, alitoka upande wa Mongbwalu. Mchana analinda meza ya mtu ili apate mahali pa kulala. Zamani, alisema, alikuwa anapanga mipira katika klabu ya wafanyakazi wa mgodi, na huko aliwaona watu waliofundishwa. Siku moja aliniona nalipa michezo mitatu, napoteza yote mitatu. Akasema: “Mwanangu, kila siku unalipia mtihani, na shuleni bado haujaingia.” Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akaondoa mipira yote ya rangi, akaniachia ule mweupe peke yake. Akaniambia niupige katikati kabisa, uende mpaka ukingo wa mbali, urudi ugonge ncha ya fimbo yangu nilipoishikilia. Nilidhani ananichezea. Nilipiga mara ishirini. Ulirudi kwenye ncha mara mbili tu. Mara nyingine zote ulirudi kulia au kushoto, na mara moja uliingia tundu la kona, mpira uliokuwa peke yake juu ya meza nzima!

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwahi kupiga mpira mweupe mahali nilipotaka. Nilikuwa naugusa pembeni kidogo bila kujua, na mpira uliopigwa pembeni unazunguka kama pia. Ukifika kwenye ukingo, ule mzunguko unaurusha upande. Tena hata kabla ya ukingo, mpira uliopigwa pembeni hauendi sawasawa na fimbo ilivyoelekea. Unakimbia kidogo upande wa pili. Kwa hiyo unaweza kulenga vizuri kwa macho yako mawili na bado ukakosa, na hautajua kwa nini. Ndiyo maana mzee alinikataza mwezi mzima kupiga mpira kushoto au kulia. Katikati, juu ya katikati, chini ya katikati, basi. Vijana wanaopenda kuonyesha mipira ya kuzungusha watanichukia, lakini wajaribu kwanza ule mtihani wa mpira mmoja mbele ya wenzao.

Sasa niseme juu ya mwili, maana redio haina picha na lazima nieleze polepole. Uamuzi wa mahali pa kulenga unaufanya ukiwa bado umesimama, nyuma ya mpira mweupe, unaangalia mstari kutoka mweupe mpaka ule wa rangi, na kutoka ule wa rangi mpaka tundu. Wengi wetu tunainama kwanza, halafu tunaanza kusogezasogeza fimbo tukitafuta mstari. Hiyo ni sawa na dereva wa pikipiki anayewasha moto, anaondoka, ndipo anauliza abiria anaenda wapi. Ukishaona mstari, weka mguu wa mkono wako wa kupigia juu ya mstari huo, mguu mwingine mbele kidogo na kando, halafu shuka. Kidevu kiwe karibu na fimbo. Mkono wa mbele uweke mezani imara, vidole vimetandazwa, dole gumba limesimama kando ya kidole cha shahada na kutengeneza kijia cha fimbo. Kutoka mkono huo mpaka mpira mweupe iwe kama shibiri moja au kidogo zaidi. Ukiuweka mbali sana, ncha itayumba.

Mkono wa nyuma ndio wenye kesi. Tunaukaza kama tunashika mpini wa jembe. Fimbo ishikwe kama unavyoshika kifaranga: isianguke, na usiiumize. Kiwiko kinabaki juu, hakishuki, na kuanzia kiwiko kwenda chini mkono unacheza mbele na nyuma kama kengele ya kanisa. Wakati ncha inagusa mpira, mkono unakuwa umeelekea chini wima. Pitisha fimbo mara mbili tatu bila kugusa, simama kidogo, macho yaende kwenye mpira unaotaka kuupiga, halafu piga na uiache fimbo ipite mbele. Na usiinuke! Hili mzee alinipigia kelele kuliko yote. Tunainuka haraka kutazama kama umeingia, na kule kuinuka kunapindua bega kabla fimbo haijamaliza kazi. Ubaki umeinama mpaka mpira usimame. Ukikosa, hapo ulipo utaona fimbo yako inaelekea wapi, na fimbo itakuambia ukweli.

Juu ya nguvu sitasema mengi. Ukiondoa pigo la kwanza la kutawanya mipira, karibu kila pigo tunalopiga lingepigwa kwa nusu ya nguvu zile. Mpira unaofika taratibu unaweza kugusa mdomo wa tundu na bado ukaingia. Ule wa kasi unagonga kona hizo hizo na kutoka.

Kuna pigo moja ambalo kwangu ni nusu ya mchezo wote, nalo ni la kusimamisha. Weka mpira wa rangi mbele ya mweupe, katika mstari mnyoofu na tundu. Kazi yako ni kuutia ule wa rangi, na mweupe usimame palepale ulipogonga, usisogee hata kidole. Inaonekana kama uchawi, na sababu yake ni rahisi. Mpira mweupe ukifika unateleza tu, bila kuviringika mbele wala nyuma, ukamgonga mwenzake uso kwa uso, unampa mwendo wake wote na kubaki mtupu. Lakini ukifika tayari unaviringika, ule mviringo haupokewi na mwenzake. Utausukuma mweupe uendelee mbele, na mara nyingi utamfuata mwenzake mpaka ndani ya tundu. Hilo ni kosa, na mpinzani anachukua meza. Sasa kumbukeni kwamba kitambaa kinaukamata mpira njiani na kuufanya uviringike. Kwa hiyo ukiwa karibu piga katikati. Ukiwa mbali piga chini kidogo ya katikati, ili mzunguko wa kurudi nyuma uliwe na kitambaa njiani na kuisha wakati uleule wa kugonga. Chini kiasi gani, hakuna kitabu kitakachokuambia kwa meza yenu. Ndiyo sababu ya kufanya mazoezi.

Ukishajua hilo, kuna zawadi yake. Mweupe unaofika unateleza, ukigonga mwenzake upande badala ya katikati, unaondoka kwa pembe mraba na njia aliyoshika mwenzake. Kama pembe ya daftari. Ukiviringika kawaida na kugonga karibu nusu ya mwenzake, unapinda kiasi cha digrii 30 tu kutoka njia yake ya kwanza. Mtu anayejua pembe hizo mbili hacheki wala hashangai mpira mweupe ukienda huku au kule, alikwisha kuuona kabla hajapiga. Niongeze kwamba kwenye meza zetu mpira mweupe mara nyingi umetoka seti nyingine, ni mzito au mwepesi kuliko wenzake, na hapo pembe inaharibika kidogo. Pima meza yako kwanza. Sukuma mpira taratibu kwa mkono kutoka upande huu mpaka ule, uone meza inainamia wapi. Viringisha fimbo juu ya kitambaa uone kama inacheza. Dakika mbili tu.

Na chaki, jamani. Vijana wanaizungusha juu ya ncha kama wanatoboa ukuta, mpaka katikati yake kuna shimo. Ipake kama rangi, kidogo, kila pigo. Kazi yake ni kuifanya ngozi ya ncha ikamate mpira isiteleze. Ngozi hiyo yenyewe ilienea mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi ni Mfaransa mmoja, François Mingaud. Kabla yake fimbo ilikuwa ubao mtupu, na ukipiga nje kidogo ya katikati inateleza. Hata leo, ukienda zaidi ya nusu ya njia kutoka katikati ya mpira kuelekea ukingo wake, ngozi na chaki havitakuokoa.

Kwa wanaosema huu ni mchezo wa watu wasiosoma, niwape jina moja. Gaspard-Gustave de Coriolis, yule mwanasayansi Mfaransa ambaye wanafunzi wa sekondari wanasikia jina lake wakijifunza mwendo wa pepo, alichapisha mwaka 1835 kitabu kizima cha hesabu za mchezo wa biyari. Mwalimu wa fizikia anayewakimbiza wanafunzi kwenye meza angeweza siku moja kuwapeleka palepale na daftari. Saa za shule wasiwe pale, hapo nakubaliana naye kabisa, na mwenye meza anayempokea mtoto wa shule saa nne asubuhi akijua anatakiwa awe darasani, huyo aitwe na shefu wa kata.

Turudi kwenye mazoezi, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Kucheza si kufanya mazoezi. Ukicheza mchezo mzima wa mipira kumi na mitano, pigo ulilokosa halirudi tena siku hiyo. Mipira imehama, mwenzako amechukua zamu, wewe unangoja na hasira. Katika saa nzima labda umepiga mara arobaini, na kila mara kitu tofauti. Mwenye kujifunza anachukua mpira mmoja wa rangi na ule mweupe. Anaweka alama za chaki mezani, mahali pa kila mpira, ili aurudishe palepale. Anapiga mara kumi. Anaandika: saba. Anapiga tena kumi: tano. Hapo anajiuliza alibadilisha nini. Nusu saa ya namna hiyo inachosha kuliko saa tatu za kelele, na siku za kwanza utaona umerudi nyuma badala ya kwenda mbele, kwa sababu unavunja mazoea ya zamani. Mimi majuma matatu ya kwanza nilishindwa na watoto. Daftari langu bado ninalo. Ukurasa wa kwanza una sifuri nne.

Tena uwe na mtu wa kukutazama. Wewe mwenyewe hauoni kiwiko chako. Kuna Mwingereza Steve Davis, aliyekuwa bingwa wa dunia wa snuka mara sita katika miaka ya 1980. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa baba yake mzazi, akitumia kitabu cha bingwa wa zamani aliyeitwa Joe Davis, ambaye hata si ndugu yao. Baba hakuwa bingwa. Alikuwa anasoma ukurasa, anamtazama mtoto, anamwambia: hapa haujafanya kama ilivyoandikwa. Katika kambi zetu hatukosi baba wa kutazama. Wanaketi siku nzima.

Wengine wataniambia: hao ni Wazungu wenye meza nzuri. Basi mtazameni Efren Reyes wa Ufilipino. Alizaliwa mwaka 1954, na tangu utoto alikaa Manila kwa mjomba wake mwenye ukumbi wa biyari. Alikuwa anafanya kazi mle, na usiku analala juu ya meza. Alipokuwa bado mfupi alipanda juu ya makreti ya soda ili afikie mpira. Mwaka 1999 alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa kule Cardiff. Siwaambii hivi ili mseme kesho mtoto wa Kigonze atakuwa bingwa wa dunia. Hapana. Hatuna chuo cha biyari hapa, na anayemwahidi kijana kwamba mchezo huu utamlisha anamdanganya. Ninalotaka muone ni kwamba meza aliyoilalia ilikuwa ya biashara ya watu, yenye wacheza pesa kama hapa kwetu, na hata ukumbi wa namna hiyo una saa za kuwa mtupu.

Na meza zetu ni tupu lini? Asubuhi. Piteni saa mbili mpaka saa tano, mtaona zimefunikwa na hema kuukuu, mbuzi amelala chini yake. Kelele zinaanza mchana, na wakamuaji wa pesa wanakuja jioni.

Niwaeleze namna wanavyofanya, maana nimeliwa nao. Mtu anakuacha ushinde mchezo wa kwanza wa franka elfu moja. Wa pili anashindwa kwa mpira mmoja. Anakasirika, anatukana fimbo, anapandisha mpaka elfu tano. Wewe umekwisha kujiona. Mchezo wa tatu ghafula mkono wake unatulia, na kila mpira mweupe wake unasimama mahali panapomfaa. Kama haujui kusoma pigo, utasema amebahatika, na utamrudia. Mimi nilimrudia mara nne kwa jioni moja. Niliacha pale pesa ya kodi ya nyumba ya nusu mwezi, nikamwambia mke wangu mshahara umechelewa. Siku nilipojifunza pigo la kusimamisha, nilirudi pale, nikaketi tu, nikamtazama. Nilimwona katika mchezo wa kwanza anakosa kwa makusudi huku mweupe wake unakwenda sawasawa mahali alipotaka. Mtu anayekosa kweli hakosi namna ile. Tangu siku hiyo sijampa franka hata moja, na sikuhubiriwa na mtu.

Ndiyo maana ninawaomba wenye meza kitu kidogo. Toeni saa za asubuhi, hata siku tatu kwa juma, kwa vijana wa kata na wa kambi wanaotaka kujifunza. Bila dau. Wasilipe kwa mchezo. Walipe kidogo kwa mwezi kwa ajili ya chaki na kitambaa, au wafagie na kumwagia maji vumbi kabla ya wateja. Pawe na mtu mzima mmoja wa kutazama. Wasichana waruhusiwe pia. Nimekwisha kuwaona wawili wakitazama kwa mbali, na saa za asubuhi bila walevi mama zao wataweza kuwaruhusu. Sheria za mchezo ziandikwe kwenye kipande cha kartoni na kutundikwa, kwa sababu kila meza mjini hapa ina sheria yake juu ya mpira mweusi na juu ya adhabu ya mweupe ukiingia, na nusu ya ngumi tunazosikia jioni zinatoka hapo.

Mchungaji mmoja ninayemheshimu ameniambia nawafungulia vijana mlango wa kamari. Nimefikiri sana maneno yake. Inawezekana kijana aliyefundishwa akageuka yeye ndiye mkamuaji wa wengine. Sina jibu kamili kwa hilo. Lakini kijana yuko mlangoni tayari, baba, hakungoja sisi tumfungulie. Tangu vita viliporudi katika teritware ya Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, aliyefika Bunia na miaka 12 leo ana ndevu. Amengoja orodha ya chakula, jina lake halimo, hakukosea kitu. Amengoja habari kwamba kwao kumetulia, ikaja, akaenda, akakimbia tena. Hakuna anachofanya kinachobadilisha jibu. Nilipomwona mmoja wao asubuhi ile ya kwanza akiandika tatu, halafu nne, halafu sita, alilifunga daftari na kuliweka ndani ya shati, si mfukoni. Akaniuliza: “Yaya, kesho tunaanza saa ngapi?” Kwa miaka mingi sijasikia kijana wa kambi akiuliza saa ya kesho.

Kwa wale ambao hawana meza karibu, mzee alinionyesha njia isiyo na gharama. Tafuteni fimbo nyoofu yenye urefu wa karibu mita moja na nusu, ichongeni mpaka iwe laini, na chupa tupu ya bia. Ilazeni chupa juu ya ubao au benchi, mdomo unawatazama. Inama kama nilivyoeleza, weka mkono wa mbele, upitishe ncha ndani ya shingo ya chupa na kuirudisha nje bila kugusa kioo. Taratibu. Ukisikia chupa inalia, kiwiko kimecheza. Mara hamsini asubuhi, hamsini jioni. Watoto wadogo wasiachiwe chupa, ikivunjika inakata.

Mwenye meza mmoja wa mjini amekubali Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa mbili mpaka saa tano. Ameomba nisitaje jina lake kwanza, aone kama chaki zake zitabaki. Wenye meza wengine wanaweza kuacha ujumbe kwa redio, au kumpitia mwakilishi wa wakimbizi kambini.

Na yule kijana wa franka elfu kumi, mama yake alikubali niseme hili: amekwisha kurudisha elfu sita kwa kubeba matofali. Jumamosi nilimkuta nyuma ya hema lao, ameinama mbele ya chupa. Mama alikuwa anapepeta maharagwe na mgongo amempa, lakini nilimsikia anahesabu naye.